Mkanda Ambao Sikuruhusiwa Kuusikiliza

Ukikuta kitu kimoja kimewekwa mtandaoni mara tatu, usifurahi haraka. Najua ninyi mnaoanza kazi hii sasa mnafurahi. Mnasema kipo tele, chukua chochote, tuendelee. Mimi nilikuwa kinyume chenu. Nikikuta matoleo matatu ya kijitabu kimoja, niliyafungua yote kwa pamoja. Nilijiuliza: hili la zamani limeachwa kwa sababu lina makosa, au kwa sababu mtu amesahau kuliondoa? Hili jipya limeongezwa nini, na limepunguzwa nini? Na kwa nini mtu apunguze? Naweza kukaa na maswali ya namna hiyo mpaka chai inapoa, na chai ikishapoa naanza kujiuliza kama niliweka sukari.

Mmeniomba niwaandikie namna ya kuchagua toleo. Nilianza kazi ya ukutubi Nachingwea miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa nimetoka chuo kikuu na cheti ambacho nilikuwa nakikagua kila wiki kuhakikisha jina langu bado limeandikwa sawasawa. Nimestaafu kwa hiari juzi tu. Sitawaandikia kwa mpangilio, maana kila nikijaribu kupanga nafuta. Nitaandika kama ninavyokumbuka.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja chenye rafu za vitabu, mashine ya kuchapa iliyokwisha kazi, na baadaye kompyuta chache zilizoletwa na mradi pamoja na dishi kubwa la intaneti juu ya bati. Watu waliliogopa dishi lile. Mama mmoja wa kijiji cha Kiegei aliniuliza kama mvua ikinyesha linajaa maji.

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Chilumba, Mmwera wa hapahapa. Alianza kazi kama mpiga chapa wa ofisi ya wilaya. Alikuwa mfupi, anacheka kwa mabega bila sauti, na aliniita "binti" mpaka siku aliyostaafu. Kuhusu matoleo, alinifundisha kwa karatasi za kaboni. Zamani, alisema, ulikuwa unapiga barua moja na kaboni tatu katikati, unapata nakala nne. Ya juu inasomeka kama Korani ya mwalimu. Ya chini kabisa ni ukungu mtupu. "Sasa wewe fikiri," aliniambia, "ile ya juu inakwenda kwa mkubwa, anaisoma mara moja, anafungia karanga. Ile ya ukungu ndiyo inayotunzwa kwenye jalada. Miaka kumi baadaye ukiuliza barua iko wapi, unaletewa ukungu, na kila mtu anaapa kwamba ndiyo yenyewe."

"Sasa mtu atajuaje, mzee?"

"Hajui. Anauliza ni nani aliyetunza, na kwa nini katunza hii na si ile."

Hilo lishikeni. Kitu kilichobaki hakikubaki kwa kuwa ni bora. Kimebaki kwa sababu kuna mtu alikuwa na nafasi kwenye kabati.

Niwape pia kichekesho changu. Kikundi cha wakulima wa Kiegei kilituma watu waniombe kijitabu cha kupuliza dawa kwenye mikorosho. Nikatafuta mtandaoni, nikapata vitatu vyenye jina lilelile na picha ileile ya mkorosho juu. Kimoja kilikuwa kirefu, kimoja kifupi, cha tatu kilikuwa na miezi tofauti kabisa. Nikashindwa kulala. Kesho yake nikafanya jambo ambalo niliona ni la uaminifu mkubwa: nikachapisha vyote vitatu, nikavibana pamoja kwa pini, nikawapa. Nilitembea kurudi nyumbani nikijisikia mwepesi.

Haikupita muda mwenyekiti wao akarudi, kavaa kofia yake ya mkutano, kashika lile bunda.

"Mwalimu," akasema. Mtu yeyote aliyefanya kazi kituoni aliitwa mwalimu. "Tumesoma."

"Ahsante. Imesaidia?"

"Karatasi hizi zinagombana. Huku mbele zinasema tupulize. Huku nyuma zinasema bado. Tumeketi kikao, nusu ya kikundi wako upande wa mbele, nusu wako upande wa nyuma. Sasa hatusalimiani."

Mzee Chilumba alitoka nje ili acheke vizuri. Aliporudi, macho yana maji, akakaa na yule mwenyekiti, akamuuliza mashamba yao yako wapi na mikorosho yao inatoa maua lini. Kumbe kile cha miezi tofauti kilikuwa kimeandikwa kwa nchi nyingine, mbali na sisi. Kile kifupi kilikuwa kimekatwa mwisho: sentensi ya mwisho ilikuwa haina nukta. Mtu alikuwa ameanza kukipandisha, umeme ukakatika, akaenda zake. Kikabaki kimoja tu, na kilikuwa kinatosha.

Kwa hiyo msifanye nilivyofanya. Kumpa mtu matoleo yote ni kumtwisha mzigo uliokushinda wewe. Angalia mwisho wa faili kabla ya mwanzo, maana mwanzo wote hufanana. Angalia ukubwa wake. Angalia nani kaweka, na kaweka lini. Tafuta jambo moja unalolijua wewe mwenyewe kwa hakika, ulione limesemwaje. Kisha kabla ya kuuliza ipi bora, uliza anayeihitaji ni nani. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mnaweza kuishia hapa mkaenda kazini, hamtakuwa mmepunjwa.

Lakini kuna mara moja ambapo sheria zote hizo nilikuwa nazo mkononi, nikazitumia vizuri, na bado mpaka leo sijui.

Alikuja mwanamke mtu mzima kutoka Nandagala, upande wa Ruangwa. Jina lake Bi Somoe. Alikuwa amevaa kanga mpya juu ya nguo iliyochoka, na amebeba redio kaseti kubwa ameifunga kwa kitambaa kama mtu anavyofunga mtoto mwenye homa. Alikaa kwenye benchi akasubiri mpaka walimu wote waliokuja kusoma magazeti wameondoka. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mwenye hiyo intaneti?"

"Ndiyo, mama."

"Ni kabila gani?"

"Mmakua. Wa Masasi, lakini nimekulia hapa."

"Umechezwa?"

Baba yangu alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa. Wenzangu walipokwenda unyagoni, yeye alinipeleka kwa shangazi mjini nikasome masomo ya ziada ya hesabu. Nikamwambia sikuchezwa.

"Msungo," akasema. Ndivyo anavyoitwa mwanamke ambaye hakupitishwa unyago. Hakulisema kwa matusi. Alilisema kama daktari anavyosema "una upungufu wa damu". "Basi tutafanyaje?"

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ya tisini alikuja Nandagala mwanamke mtafiti kutoka ng'ambo, akakaa na makungwi, wakamzoea, wakamruhusu kurekodi nyimbo. Bi Somoe mwenyewe alikuwa mmoja wa makungwi hao. Binti yake Zena, wakati huo mwari aliyetoka kuchezwa karibuni, alikuwa katika waitikiaji. Baadaye Zena aliolewa, akapata mimba, akafa katika kujifungua. Mtoto alipona. Ni msichana, jina lake Salma, akalelewa na bibi yake. Hakuna picha ya Zena isipokuwa moja ya harusini, na katika hiyo kainamisha uso kama inavyotakiwa.

Sasa mwalimu aliyekuwa mkalimani wa yule mtafiti alimfikishia Bi Somoe habari: nyimbo zile zimewekwa kwenye intaneti, nenda Nachingwea. Na Salma alikuwa anachezwa msimu huo, baada ya mavuno.

"Nataka siku akitoka ndani," Bi Somoe aliniambia, "nimkalishe, nimwambie sikiliza, huyu ni mama yako. Hajawahi kumsikia. Mtoto hata kelele za mama yake hazijui."

Nikamwambia tutatafuta. Akanyanyua kidole.

"Lakini wewe usisikilize. Na mwanamume asiwepo."

Mzee Chilumba alikuwa kwenye meza yake anasikia kila kitu. Alichukua kofia yake. "Mimi natoka mwenyewe," akasema. "Nina mama, nina dada, naogopa laana." Mlangoni akageuka. "Unyago una mlango, binti. Hicho kidude chako hakina. Sasa sijui mtafungia wapi."

Bi Somoe alilifikiria hilo. "Huko ng'ambo wanajua Kimwera?"

"Hapana, mama. Pengine mmoja au wawili."

"Basi wanasikia ngoma tu," akasema, akatulia.

Nikaupata ukurasa. Na hapo napo wimbo uleule ulikuwa umewekwa mara tatu. La kwanza lilikuwa kipande kifupi cha kuonja. La pili liliitwa lililosafishwa: maelezo yalisema wameondoa mikwaruzo ya mkanda, upepo na mazungumzo, ili wimbo usikike. La tatu lilikuwa mkanda mzima kama ulivyorekodiwa, upande mmoja wote, na faili lake lilikuwa kubwa mno.

Ninyi mngesikiliza yote mkachagua. Mimi nilikatazwa. Nilitakiwa kumchagulia mtu sauti ya mwanawe kwa kuangalia ukubwa wa faili.

Na muda haukuwepo. Mradi ulikuwa unafungwa, dishi lilikuwa linateremshwa mwisho wa mwezi. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kudonoa. Ukianza kushusha faili kubwa asubuhi, jenereta ya mji inazimwa kwa mgao, unaanza upya. Bi Somoe alifikia kwa ndugu zake mjini akawa anakuja kila siku na redio yake, anakaa kwenye benchi, anamenya karanga.

Tulianza na kile kipande kifupi kwa sababu kilikuwa chepesi. Nilichomeka hedifoni, nikamvika juu ya ushungi, nikazima spika, nikabofya, nikageuza kiti changu nikamwangalia yeye. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku zile: nilimsoma mtu usoni. Kwenye kioo niliona vistari vya sauti vinapanda na kushuka, na kwenye uso wake niliona kama Zena yumo au hayumo. Kipande kilikwisha. Akavua.

"Ngoma," akasema. "Ngoma na kungwi mwenzangu Binti Mfaume anaanza, kisha wamekata. Waitikiaji hawajaingia. Zena hayumo."

Nikashusha lile lililosafishwa. Lilichukua siku mbili za kupata na kupoteza. Nilipolibofya, hakukaa muda mrefu kabla mkono wake haujashika ukingo wa meza. Alifumba macho. Midomo yake ikaanza kwenda na wimbo, bila sauti, akakumbuka kuwa nipo, akaifunika kwa kanga. Lilipokwisha hakuvua hedifoni. Aliendelea kukaa nazo masikioni zikiwa kimya.

"Yumo?" nikamuuliza.

"Yumo. Yuko mwishoni mwa wenzake, anavuta. Siku zote alikuwa anavuta, wenzake wamemaliza yeye bado."

Mtu mwingine angeishia hapo. Angerekodi kwenye kaseti, angemsindikiza stendi. Mimi nilikuwa na elimu yangu. Nilimweleza kwamba hilo limesafishwa, yaani limepunguzwa, na kwamba liko la tatu ambalo ndilo mkanda wenyewe, halijaguswa. Nikamwambia nikiwa mkutubi siwezi kumpa nakala iliyokatwa wakati nzima ipo. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Na naona mpaka sasa kwamba ilikuwa sahihi kusema, kwa sababu angelijua baadaye angeniuliza. Halafu naona tena kwamba labda asingelijua kamwe. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi sana, halina upande laini.

"Shusha," akasema Bi Somoe.

Mkanda mzima ulishuka ikiwa imebaki siku chache dishi liondoke. Nilimvika hedifoni kama kawaida. Aliingia kwenye wimbo akitabasamu. Akacheka mahali fulani, akapiga paja. Akaniambia kwa sauti ya juu, kama wanavyofanya watu wenye hedifoni, "Kuna jogoo wa mzee Likwawa humu! Tulimla siku ileile!" Nikacheka pia. Vistari vikapanda, vikashuka, kisha vikakaa chini kwa muda, ndipo nikajua wimbo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza. Kikapanda kistari kimoja, kirefu, cha ghafla.

Uso wake ukafunga. Sina neno jingine. Aliinua mkono kama anayetaka kumzuia mtu asipite.

Alivua hedifoni kabla mkanda haujaisha, akaziweka mezani polepole.

"Mimi nimo," akasema.

"Unaimba?"

"Namgombeza Zena. Alianza wimbo kabla ya makungwi hawajaanza. Nikamgombeza mbele ya watu, na yule mgeni na mashine yake. Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa." Akaanza kuukunja waya wa hedifoni. "Baada ya hapo ukisikiliza, haimbi tena. Wenzake wanaitikia, yeye kanyamaza."

Nikamwambia kila mama hugombeza.

"Kweli. Lakini wengine hawakurekodiwa."

Alitoka akakaa nje. Mzee Chilumba alikuwa anarudi, akamkuta, wakasalimiana kwa Kimwera, akaingia ndani akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Bi Somoe aliporudi alikuwa amekwisha amua.

"Nipe ile ya pili."

"Bibi," nikasema, na hapo nilikuwa nimekwisha anza kumwita bibi, "hii kubwa ndiyo yenyewe. Ile nyingine imekatwa."

"Imekatwa wapi?"

"Maneno ya katikati tu. Kati ya wimbo na wimbo."

"Maneno ya katikati ndiyo yangu," akasema. "Salma anatoka ndani, nampa mama yake. Mimi ananijua. Kelele zangu anazisikia kila asubuhi. Nimpe mama anayeimba, au nimpe mama aliyenyamazishwa? Ungempa ipi wewe?"

Nikaanza kusema kwamba kitaalamu... Mzee Chilumba akakohoa, nikaacha.

Tulirekodi lile la pili kwenye kaseti. Nilichomeka waya kutoka kompyuta hadi redio yake, spika zimezimwa, na wimbo ukapita kutoka mashine moja hadi nyingine mbele yangu bila mimi kusikia chochote isipokuwa mlio mdogo wa kaseti ikizunguka. Nikavunja vile vipande viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Hilo pia ni ujuzi, ingawa hamtauhitaji.

"Ile kubwa ifute," akasema.

Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Alinipa, kwa namna ambayo mtu humpa mtoto pipi. Alipoondoka nikamwambia Mzee Chilumba kwamba tunaweza kuitunza kwenye diski, hakuna atakayejua, na kwamba kazi yetu ni kutunza.

"Utaitunza kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya baadaye."

"Baadaye ni nani? Anakaa mtaa gani?" Akavua miwani. "Binti, hujasikia hata neno moja la mkanda huo. Mwenye sauti yuko hai, kaja kwa miguu yake, kasema futa. Ungekuwa wewe umegombeza mwanao na mwanao akafa, ungependa msungo mmoja wa Nachingwea akutunzie kwenye diski?"

Kesho yake nilifuta mbele ya macho yake. Nilimwonyesha pale faili lilipokuwa na pale ambapo sasa hapana kitu. Hakujua kusoma lakini aliangalia kwa makini. Aliniachia karanga na shikamoo yangu akaiitikia kwa mikono miwili. Dishi likateremshwa, tukarudi kwenye magazeti.

Msidhani ninajuta. Wala msidhani sijuti. Ninawaambia tu kilichotokea.

Miaka mingi ikapita. Mzee Chilumba alistaafu, akafariki, tukamzika. Kompyuta zikabadilika, mtandao ukahamia kwenye simu zenu. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anatokea Ruangwa ambako alikuwa ananunua na kuuza ufuta. Akaniamkia, akauliza kama ni mimi niliyekuwepo wakati wa dishi.

"Mimi ni Salma," akasema. "Mjukuu wa Bi Somoe wa Nandagala."

Nikamkalisha. Nikamuuliza bibi hajambo.

"Tumemzika, mama. Kiangazi hiki."

Nilimpa pole. Akatoa simu, akanionyesha kwenye kioo jina la faili: Mama. Kaseti ile alihamishiwa na fundi wa simu, akasema, kabla haijakatika. Aliisikiliza tangu akiwa mdogo. Hakuibofya, kwa heshima, kwa kuwa alikwisha ambiwa kwamba mimi ni msungo.

"Bibi kabla hajafa alinieleza. Alisema kulikuwa na nyingine, ndefu, na yeye yumo. Alisema aliagiza ifutwe kwa aibu. Alikuwa akilia." Akamweka mtoto vizuri. "Mama ninaye kwenye simu. Bibi ndiye sina. Nimelelewa na bibi tangu siku ya kwanza, na sina hata neno lake moja. Nani anamrekodi mtu aliyeko jikoni? Nimekuja kukuuliza kama uliifuta kweli."

Nilitamani ningekuwa mwongo wakati ule wa dishi, nikawa nimemdanganya Bi Somoe.

"Niliifuta," nikamwambia.

"Na huko ilikotoka?"

Tukatafuta pamoja, viti vikiwa vimesogezwa. Ukurasa wa yule mtafiti haukuwepo tena. Nikajaribu njia zote nilizowahi kuzijua, na mbili nilizofundishwa na mmoja wenu. Mkanda mzima haukuwepo popote. Lililosafishwa halikuwepo. Kilichokuwepo ni kile kipande kifupi cha kuonja, na kilikuwepo kila mahali. Watu wamekichukua, wamekiweka tena, wengine wamekipa jina la nchi nyingine, mmoja amekiweka chini ya picha za tembo. Ngoma, na Binti Mfaume anaanza, kisha wamekata. Toleo ambalo Zena hayumo, na bibi yake Salma hayumo, ndilo lililozaliana.

Salma aliangalia orodha ile inavyoteremka.

"Alisemaje humo?" akauliza. "Alipomgombeza?"

"Sikusikia, mwanangu. Sikuruhusiwa. Aliniambia tu kwamba mama yako alianza wimbo kabla ya makungwi."

Kisha, bila kunitazama, akaketi wima, akavuta kanga begani, na ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, nzito, yenye mkwaruzo, kwa Kimwera. Kimwera changu ni cha sokoni lakini niliyaelewa maneno. We Salma! Nani kakutuma utangulie? Huoni wakubwa? Vijana wawili waliokuwa kwenye kompyuta za nyuma waligeuka wakidhani wanakemewa wao.

"Ndivyo alivyokuwa ananigombeza mimi," akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Nikitangulia kuchota chakula. Nikitangulia kisimani. Labda kwa mama ilikuwa hivyohivyo."

"Labda."

"Ubadilishe jina tu, uweke la mama."

Nilishika simu yangu. Nikamuuliza kama atakubali aseme tena, polepole, nimrekodi.

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo itakuwa ni mimi."

Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaniaga, akatoka kuwahi gari la Ruangwa.